Nakala 300 za Kwanza: Kisa cha Muuguzi Aliyejichapishia Riwaya

Usuli

Mhusika wa kisa hiki ni muuguzi katika hospitali ya wilaya, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Jina lake, jina la kitabu, mji na kiwanda cha uchapaji vimeondolewa, na hesabu zimezungushwa ili zifuatike kwa urahisi. Hapa tutamwita mwandishi, basi.

Kabla ya kuwaza kitabu, alikuwa akiandika riwaya ya mfululizo kwenye makundi mawili ya WhatsApp yenye watu wapatao 400. Sehemu za mwanzo alizitoa bure; zilizofuata msomaji alilipia shilingi 500 kwa sehemu tatu, kwa simu. Waandishi wengi wa hadithi za mapenzi na upelelezi wa siku hizi wamelelewa humo humo. Mfululizo ulipofika tamati, wasomaji wakaanza kuuliza: kitabu lini?

Alipeleka muswada kwa wachapishaji wawili wa Dar es Salaam. Mmoja hakujibu. Wa pili alijibu baada ya miezi kadhaa: muswada unafaa, ila mwandishi achangie shilingi 1,500,000 za uchapaji, kisha apate mrabaha, yaani sehemu yake ya bei ya kila nakala, wa asilimia 10. Piga hesabu. Kitabu kikiuzwa kwa shilingi 10,000, mrabaha ni 1,000 kwa nakala, kwa hiyo ni lazima ziuzwe nakala 1,500 ndipo mchango wake urudi, kabla hajapata hata senti ya faida. Na hakuwa na namna ya kujua ni nakala ngapi zimechapwa. Akaamua kujichapishia.

Mtaji wake ulitoka sehemu tatu: akiba ya 1,200,000, mkopo wa kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) wa 600,000 wenye riba ya asilimia 10, na oda zilizolipiwa kabla ya kitabu kutoka, ambazo zilifika 512,000.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ilikuwa uhariri. Muswada ulikuwa na maneno kama 51,000. Mhariri alitoza 2,500 kwa ukurasa, jumla 440,000, na mwandishi nusura aikatae bei hiyo kwa kuwa "wasomaji 400 wamesoma na hakuna aliyelalamika". Mhariri alichokuta ni magonjwa ya hadithi za mfululizo, na inafaa tuyataje kwa sababu wengi watayakuta kwao. Karibu kila sehemu ilianza na aya ya kukumbusha yaliyopita, maana msomaji wa WhatsApp huwa amekaa siku tatu bila kusoma. Kitabuni aya hizo humchosha mtu aliyefunua ukurasa sasa hivi. Kila sehemu iliisha kwa mlango kugongwa, simu kuita au mtu kuanguka. Mama mdogo wa sura ya pili alikuwa amegeuka shangazi kufikia sura ya tisa. Ujauzito mmoja ulidumu miezi kumi na mitatu, jambo la aibu kidogo kwa kitabu cha muuguzi. Baada ya kusafisha, yalibaki maneno 47,000.

Wakati mhariri akiendelea, mwandishi alitangaza oda za mapema kwa 8,000 badala ya 10,000. Watu 137 waliandika "niwekee". Ujumbe wa kawaida ulikuwa wa namna hii: "Dada naomba uniwekee moja, mshahara ukitoka nalipa." Katika wiki tatu walilipa 64, zaidi ya nusu yao katika siku chache za mwisho wa mwezi.

ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, aliiomba kwa jina lake mwenyewe kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo ndiyo hutoa namba hizo nchini. Kiwanda kilikuwa kimejitolea kumpa "namba yetu, itakuokolea usumbufu". Alikataa, na alifanya vyema: ISBN humtaja mchapishaji, na kutumia namba ya mtu mwingine ni kumwandikisha huyo kuwa mchapishaji wa kitabu chako. Namba ina tarakimu 13 tangu 2007. Za Tanzania zinazoonekana zaidi huanza na 978-9976 au 978-9987. Mistari ya kuskani nyuma ya jalada hutengenezwa kutokana na tarakimu hizo hizo, na toleo la kielektroniki huhitaji namba yake tofauti.

Kisha mpangilio wa kurasa (150,000) na jalada (120,000). Kurasa za A5, herufi za pointi 11, kama maneno 270 kwa ukurasa, zikawa 176. Idadi hiyo haikutoka hewani. Viwanda vingi vya ofseti, yaani mashine inayochapa kwa pleti (mabati yenye sura ya kurasa), huchapa kwa formu za kurasa 16, kila formu ikiwa karatasi moja kubwa inayochapwa pande zote mbili kisha kukunjwa, na 176 ni formu 11 kamili. Kitabu cha kurasa 178 kingedai formu nyingine kwa ajili ya kurasa mbili, au ubaki na kurasa tupu mwishoni ulizozilipia.

Kiwanda kilitoa bei tatu: dijitali (kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye faili, bila pleti) nakala 100 kwa 7,000 kila moja, ofseti nakala 300 kwa 4,800, ofseti nakala 1,000 kwa 2,700. Mwenye kiwanda alimshauri waziwazi: "Dada, ukichapa mia tatu unajiumiza. Chapa elfu moja, bei inashuka karibu nusu." Alichapa 300.

Baada ya wiki tatu maboksi yalifika kwa basi, na kasoro tatu zikaonekana siku hiyo hiyo. Karatasi ilikuwa nyepesi, maandishi ya ukurasa wa nyuma yakionekana kwa mbele. Mstari mwembamba wa rangi ya mgongo ulikuwa umechungulia kwenye jalada la mbele. Na ukurasa wa yaliyomo ulisema sura ya saba ipo ukurasa wa 81, ilhali ipo wa 77.

Wasomaji wa oda za mapema walitumiwa vitabu vyao. Wanaokaa mjini, 23, walijichukulia wenyewe. Waliobaki 41 walitumiwa kwa mabasi, wastani wa 4,000 kwa kifurushi, na nauli hiyo ilimwangukia mwandishi kwa sababu tangazo lilisema 8,000 bila kutaja usafiri. Kuanzia hapo alibadili utaratibu: katika miji minne alimteua msomaji mmoja kuwa wakala, akamtumia nakala kumi kumi kwa kifurushi cha 8,000, wasomaji wa mji huo wakachangia 800 kila mmoja, na wakala akabaki na 1,000 kwa kila nakala aliyouza.

Maduka matatu ya vitabu yalipokea jumla ya nakala 40 kwa mali kauli, yaani duka hulipa baada ya kuuza, likikata asilimia 35.

Katika mwezi wa tatu wa mauzo, PDF ya kitabu ikaanza kuzunguka kwenye kundi moja ambalo si lake. Faili lilikuwa lile lile alilowapa wasomaji watano wa mwanzo ili wampe maoni, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kujua nani alilisambaza.

Maamuzi na sababu zake

*Idadi ya nakala.* Kushuka kwa bei katika ofseti kuna maelezo mepesi. Kila formu ya kurasa 16 huhitaji pleti mbili, moja kwa kila upande wa karatasi. Formu 11 ni pleti 22, na jalada la rangi huongeza nne. Pleti hizo na muda wa kuseti mashine hulipiwa sawasawa, uchape nakala 100 au 10,000. Kinachoongezeka ni karatasi, wino, gundi na kazi ya kujalidi. Ndiyo maana nakala ya elfu moja ni rahisi. Mwenye kiwanda hakudanganya. Ila alikuwa akizungumzia bei ya kuchapa, na mwandishi alipaswa kufikiria kasi ya kuuza. Alikuwa na watu 64 waliolipa na 73 walioahidi tu. Alikadiria kwamba nusu ya walioahidi wangelipa, akaongeza wafanyakazi wenzake na wanakwaya wenzake, akafika nakala 200 na kitu. Mia tatu iliwezekana. Elfu moja ilikuwa ndoto ya mkopo mkubwa zaidi.

*Pesa ya uhariri.* Aliilipa kwa kupunguza mahali pengine: hakutafuta msomaji prufu, yaani mtu wa kukagua makosa baada ya kurasa kupangwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mhariri ameshasoma.

*Bei.* Alichagua 10,000 kwa kuangalia riwaya nyingine dukani. Hakuanza na gharama zake.

*Uzinduzi.* Kulikuwa na wazo la ukumbi, keki na mgeni rasmi, makadirio 600,000. Aliliacha, akatangaza kitabu kwenye makundi yake tarehe za mishahara. Katika hesabu ya kitabu cha kwanza, hili linaweza kuwa uamuzi uliomwokoa zaidi ya mwingine wowote, ingawa ndugu zake walinung'unika.

*PDF iliyovuja.* Alimwandikia msimamizi wa kundi, faili likafutwa, kisha akaomba aruhusiwe kuweka picha ya jalada na namba ya kulipia humo humo, bila ya matusi wala vitisho. Watu tisa walinunua.

Matokeo baada ya miezi saba

Matumizi: uhariri 440,000, mpangilio 150,000, jalada 120,000, uchapaji 1,440,000, usafiri wa maboksi 60,000, mengineyo 40,000. Hiyo ni 2,250,000, au 7,500 kwa kila nakala. Ongeza vifurushi 41 (164,000) na riba ya kikoba (60,000), jumla inakuwa 2,474,000.

Mapato: oda za mapema 64 kwa 8,000 ni 512,000. Mauzo ya mkononi 118 kwa 10,000 ni 1,180,000. Mawakala waliuza 46, zikamfikia 414,000. Maduka yaliuza 17 lakini yalilipia 11, yaani 71,500. Jumla 2,177,500.

Nakala 15 zilitoka bure: za amana maktabani, za mhariri na msanifu, za wachambuzi. Mkononi zimebaki 17, tatu kati yake zimepinda kwa unyevu.

Pengo ni 296,500. Nakala 14 nzima zikiuzwa, 23 zilizopo madukani nazo zikiuzwa, na duka linalodaiwa likalipa sita zake, zitaingia 328,500. Faida ya mwisho, kila kitu kikienda sawa: shilingi 32,000.

Mtu akiona tarakimu hiyo anaweza kusema ni kazi ya bure. Lakini tazama kilichobaki mkononi mwake. Muswada uliohaririwa umeshalipiwa. Jalada na kurasa zimeshalipiwa. Ana orodha ya namba za simu za wanunuzi zaidi ya 200. Alipoagiza uchapaji wa pili wa nakala 300, safari hii kwa karatasi nzito zaidi, kiwanda kilitaka 1,500,000, na usafiri 60,000. Nakala moja ikamgharimu 5,200 badala ya 7,500. Uchapaji wa kwanza ulilipia maandalizi. Pesa ya mwandishi imekaa kwenye wa pili.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Oda zilizolipiwa ndizo kipimo pekee kilichokuwa na maana. Kati ya 137 walioandika "niwekee", 64 walilipa, chini kidogo ya nusu. Mwandishi anayekadiria nakala kwa idadi ya wafuasi, au kwa idadi ya waliosema "hongera, tunasubiri", anachapa kwa makofi. Na oda hizo zililipia zaidi ya theluthi moja ya gharama ya kiwanda kabla wino haujagusa karatasi.

Chukulia angefuata ushauri wa nakala 1,000. Uchapaji 2,700,000 na maandalizi yale yale 810,000 ni 3,510,000, bila kuongeza nauli ya mzigo mkubwa. Kwa mauzo yale yale ya miezi saba angekuwa na pengo la zaidi ya 1,300,000, deni la kikoba linalozidi, na vitabu zaidi ya 700 chini ya kitanda katika mji wenye mvua na ukungu. Na vyote vyenye karatasi mbaya na yaliyomo yenye makosa. Uchapaji wa kwanza huwa na kosa fulani karibu kila mara. Afadhali kosa hilo liwe kwenye nakala 300.

Mawakala waliyashinda maduka. Duka la vitabu linampa mwandishi heshima ya kuonekana kwenye rafu, na si jambo la kudharau. Ila kwa kitabu cha kwanza cha mtu asiyejulikana, rafu haiuzi. Wakala ni msomaji aliyekipenda kitabu na anayejua nani mwingine atakipenda.

Uhariri nao ulilipa, kwa njia isiyoonekana kwenye daftari: kati ya walionunua mkononi, wengi waliletwa na mtu aliyekwisha kusoma.

Uchambuzi: kilichokwama

Bei ndiyo ilikuwa kosa kubwa. Duka likikata asilimia 35 ya 10,000, mwandishi anabaki na 6,500, na nakala imemgharimu 7,500. Kila nakala iliyouzwa dukani ilimtia hasara ya 1,000 hata pale duka lilipolipa kwa uaminifu. Kipimo cha haraka tunachokipendekeza: bei ya rejareja isipungue mara mbili na nusu ya gharama ya kiwanda kwa nakala. Hapa, 4,800 mara 2.5 ni 12,000. Duka lingemwachia 7,800 na mambo yangekaa sawa. Kwa bei hiyo, mauzo ya mkononi na ya mawakala peke yake yangeongeza 328,000, yaani pengo lote lingefutika. Je, wasomaji wangekimbia? Walionunua mkononi walikuwa wakimnunua yeye, na ni vigumu kuamini kwamba 2,000 ingewazuia wengi.

Karatasi ilibadilishwa kwa sababu proforma (hati ya bei na maelezo ya kazi) iliandikwa "karatasi nyeupe" tu. Mwandishi na msanifu waliafikiana kwa mdomo gramu 80 (uzito wa karatasi kwa mita ya mraba). Kiwanda kikatumia gramu 60, na kwa mujibu wa maandishi hakikuvunja ahadi yoyote. Kosa la mgongo lilizaliwa hapo hapo. Kitabu cha kurasa 176 ni karatasi 88. Ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo msanifu aliweka mgongo wa milimita 8.8. Ya gramu 60 ni takriban 0.08, mgongo halisi ukawa kama 7. Milimita karibu mbili zilizozidi ziligawanyika mbele na nyuma, na ule mstari wa rangi ukatokeza. Kuna njia mbili za kujikinga: andika kila kipimo kwenye proforma, na umwombe mwenye kiwanda akutengenezee kitabu kitupu kwa karatasi ile ile kabla ya jalada kukamilishwa, ukipime mgongo kwa rula.

Prufu ilirukwa, na ukurasa wa yaliyomo ukabeba namba za faili la zamani la Word. Mhariri alisoma muswada. Hakusoma kurasa zilizopangwa, ambazo ni kitu kingine. Baada ya mpangilio, mtu mmoja asiyekuwa mwandishi asome nakala iliyochapwa kwenye karatasi, siyo kwenye skrini, akiangalia namba za kurasa, vichwa vya sura, maneno yaliyokatwa vibaya mwishoni mwa mstari na jina la mwandishi kwenye mgongo. (Riwaya hii, kwa kweli, haikuhitaji ukurasa wa yaliyomo hata kidogo.)

Mali kauli bila ya hati ni sadaka. Duka linalodaiwa nakala sita lilibadilisha muuzaji, na muuzaji mpya hana kumbukumbu. Hati ya ukurasa mmoja ingetosha: idadi ya nakala, asilimia ya duka, tarehe ya kuhesabu kila miezi miwili, na saini mbili.

Kuhusu PDF, hakimiliki ilikuwa yake tangu alipoandika. Sheria ya Tanzania ya 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na ISBN haihusiani na ulinzi huo. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki husaidia ushahidi ukifika kwenye mzozo. Lakini kesi ya faili la WhatsApp ingemla pesa nyingi kuliko kitabu kizima. Kinga ya bei nafuu ni kumpa kila msomaji wa mwanzo faili lenye jina lake chini ya kila ukurasa, na kuwapa sura tatu au nne tu wale wasiolazimika kusoma chote.

Uchapaji wa pili

Bei mpya ni 12,000, nauli juu ya mnunuzi. Ukurasa wa yaliyomo umeondolewa, na nafasi yake imekaa namba ya simu ya kuagizia. Maduka yamepunguzwa kutoka matatu hadi moja, lile lililolipa kwa wakati. Proforma iliyosainiwa safari hii inasomeka hivi:

- Ukubwa A5, milimita 148 kwa 210, kurasa 176, rangi nyeusi
- Karatasi ya ndani nyeupe, gramu 80
- Jalada kadi ngumu gramu 300, rangi nne upande mmoja, lamini isiyong'aa
- Kujalidi kwa gundi, mgongo milimita 8.8, ziada ya kukatia milimita 3 kila upande
- Kitabu kitupu na prufu ya jalada kuidhinishwa kwa saini kabla ya kuchapa
- Nakala 300. Nakala yenye kasoro ya kiwanda kubadilishwa ndani ya siku 14
- Malipo: asilimia 50 kuanza, asilimia 50 baada ya mteja kukagua boksi moja

Mwenye kiwanda alisoma mstari wa mwisho mara mbili, akasema hajawahi kudaiwa hivyo na mwandishi wa riwaya, kisha akasaini.